Kilo Sabini za Mama Mkwe

Ukoo wetu haukuokotwa njiani. Baba wa babu yetu alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu aliyetembea soko hadi soko na sanduku la mawe ya shaba begani. Na muuza nafaka aliyechonga kitako cha jiwe lake ili kumpunja mteja alianza kutokwa na jasho alipomwona kwa mbali. Mwanawe aliishika kazi hiyo hiyo miaka thelathini na minne, akastaafu bila doa. Shangazi wa nyumba hiyo alikuwa karani wa ghala. Siku moja alifukuzwa kwa gunia lililosemekana limeibwa, na mwezi haukuisha bosi alimfuata nyumbani kumwomba radhi, maana gunia lenyewe halikuwahi kufika ghalani. Hawakuwa matajiri watu hao. Lakini walipopita mtaani, wazee waliinuka vitini kuwasalimu.

Msichana wa habari hii alizaliwa katika ukoo huo. Wenzake kazini walimwita Bi Kilo, naye hakuona vibaya.

Alifanya kazi katika kampuni ya ndege za kukodi yenye ndege nne na watu kumi na mmoja. Anayekodi ndege hudhani kwamba safari huanza pale anapofunga mkanda wa kiti. Laiti angalijua! Bi Kilo alikuwa ameamka alfajiri, amesoma hali ya hewa ya huku na ya kule, amempigia simu mlinzi wa uwanja wa nyasi milimani na kumwamuru atembee uwanja mzima kwa miguu. “Kisigino kinazama?” humwuliza. Kikizama, ndege haiendi. “Na mbuzi?” Mbuzi wakiwapo, wafukuzwe, kisha apige simu tena kusema wamefukuzwa. Baada ya hapo hupanga mafuta ya kwenda, ya kurudi, na ya kuzungukazunguka ikiwa wingu litaziba bonde. Mwisho kabisa hupima kila kitakachopanda, mtu na mzigo, akaandika katika karatasi moja, akatia sahihi chini. Bila sahihi hiyo, rubani hata awe nani haigusi swichi ya injini.

Na rubani mwenyewe ndiye aliyeuteka moyo wake.

Mapenzi yao yalianzia kwenye machungwa. Kapteni, kama walivyomwita wote, alirudi siku moja kutoka safari na mfuko wa machungwa ambao haukuandikwa popote, akataka kuendelea nao kwenye safari ya pili. Bi Kilo alimzuia mlangoni. Kapteni hakubisha, aliketi juu ya kreti mbele ya meza yake, akamenya la kwanza, la pili, hata la nne.

“Haya, Bi Kilo,” alisema akijifuta kidevu. “Yakiwa tumboni si mzigo tena, sivyo?”

“Yakiwa tumboni ni rubani,” Bi Kilo alimjibu bila kuinua macho. “Panda mizani upya.”

Kapteni alicheka mpaka fundi wa ndege akatoka bandani kuangalia kulikoni. Tangu siku hiyo hakuna asubuhi aliyopita ofisini mle bila kusimama muda mrefu kidogo kuliko ilivyolazimu kazi.

Lakini penye waridi hapakosi miiba. Mama yake Kapteni alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye watu wazima wenye mvi, waliopata kuwa wanafunzi wake, bado waliingiza shati ndani ya suruali walipomwona akija. Alimlea mwanawe peke yake baada ya kufiwa na mumewe. Mwanawe alipomweleza habari za msichana wa ofisini, aliweka kikombe mezani taratibu, akasema, “Nimekusomesha urubani uniletee mpima magunia?” Miezi minane ikapita. Kauli yake haikusogea hata unywele. Na Kapteni, kwa malezi aliyopewa, alikuwa amemwambia mpenzi wake waziwazi: bila radhi ya mama, ndoa hataweza kuifunga.

Asubuhi hiyo, basi, ndiyo iliyokuja na kila kitu kwa mkupuo mmoja. Barabara ya milimani ilikuwa imekatwa na mvua. Kesho yake kitinda mimba wa nyumba yao, mdogo wa mwisho wa Mwalimu Mkuu, alikuwa anafungua shule aliyoijenga kwa miaka tisa. Mwalimu Mkuu na ndugu zake wengine wawili, ambao Kapteni aliwaita Mama Mkubwa na Mama Mdogo, wakakodi ndege ndogo ya viti sita. Rubani aliyepangiwa zamu alikuwa mwanawe. Aliyepangiwa mizani unamjua.

Saa mbili na nusu, fundi wa ndege alisukuma toroli hadi mlangoni. Mafundi wenzake walimpa jina la Kimya kwa sababu mdomo wake haukupata kupumzika.

“Bi Kilo, mwanangu, njoo uone maajabu,” alisema huku akihema. “Sanduku hili limeandikwa kilo ishirini. Nauliza tu, ishirini kwa mkono wa nani? Mimi nimelinyanyua, na kiuno changu kimeandika hamsini.”

Kiuno cha Fundi Kimya kilikosea kidogo. Mizani ilisema hamsini na nane. Bi Kilo aliivuta karatasi ya safari. Namba zote zilikuwa zimekwisha kujazwa, na mwandiko aliujua vizuri kuliko wake mwenyewe. Sanduku, ishirini. Mama Mkubwa, sitini na mbili. Mama Mdogo, sitini na sita. Na mstari wa juu kabisa, kwa wino uliokolezwa: Mama, sabini.

Alitazama nje ya dirisha. Wanawake watatu walikuwa wakishuka kwenye gari. Wa katikati alishuka kwa hatua mbili, akashika mlango, akavuta pumzi, akanyoosha gauni. Bi Kilo alikuwa amepima watu elfu kadhaa maishani mwake. Jicho lake halikuhitaji kuambiwa.

Alimkuta Kapteni ameinama chini ya bawa, akikinga mafuta kidogo ndani ya glasi ili kuangalia kama yameingia maji.

“Kapteni.”

“Naam, mpenzi.”

“Niko kazini. Namba hizi umezipata wapi?”

“Nilimpigia simu mama jana jioni. Alinitajia.”

“Alikutajia sabini.”

“Ndiyo.”

“Na wewe, uliyekula chakula cha mama yako Jumapili iliyopita ukikaa naye meza moja, ukaandika sabini.”

Kapteni alitaka kucheka, lakini uso wa msichana ulimkatiza. Aliiinua glasi juani, akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Ni mama yangu,” alisema hatimaye. “Ulitaka nimjibu nini? ‘Mama, unasema uongo’?”

“Nilitaka uache mstari mtupu. Ningejaza mimi.”

“Wewe! Leo hii? Mara yake ya kwanza kukutia machoni, umwambie avue viatu apande mizani mbele ya ndugu zake?” Alisogea karibu, akashusha sauti. “Sikiliza, tafadhali. Ongeza ishirini kwa makisio. Tushushe sanduku, litafuata baadaye. Nani atajua?”

“Na makisio yangu yakikosea kwa kilo kumi? Uwanja ule ni mita mia sita za nyasi, Kapteni, na zikiisha kuna bonde. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba kule juu hewa ni nyepesi, ndege inasinzia kabla ya kuamka.”

“Nilikuambia hivyo kwa mapenzi, si kwa ajili ya kuja kunishtaki.”

“Basi na mimi nakujibu kwa mapenzi.” Aliinua karatasi ya safari. “Kila anayepanda ndege hii hupanda mizani kwanza. Nimempima waziri. Nimempima bwana harusi na suti yake. Mama yako nikimpitisha kwa kuwa nataka anipende, huyo nitakayekuwa nimempitisha ni nani, na huyo utakayemwoa ni nani? Na ndani ya ndege hiyo utakuwamo wewe. Angekuwa rubani mwingine ningefanya hivi hivi. Ila nisingetetemeka.”

Kapteni aliiona karatasi ikitetemeka mikononi mwake. Alitaka kuishika mikono hiyo, lakini walikuwa kazini, na Fundi Kimya alikuwa amesimama nyuma ya gurudumu akijifanya anatafuta spana.

“Ukimkwaza leo,” alisema taratibu, “sijui nitamrudia na maneno gani.”

“Najua,” alijibu. Akageuka, akaenda.

Chumba cha abiria kilikuwa na viti vinane, feni moja na mizani ya kusimama juu yake, imewekwa pembeni karibu na pazia la stoo. Bi Kilo aliingia, akapiga magoti kidogo.

“Shikamooni, mama zangu.”

“Marahaba,” waliitikia wawili. Wa tatu, yule wa katikati, alimtazama kuanzia viatu hadi nywele kama mtu anayesahihisha insha.

“Marahaba,” alisema baadaye. “Wewe ndiye yule.”

“Ndimi, mama.”

“Hm. Nilidhani u mrefu zaidi.”

“Mwache mtoto wa watu, Mwalimu,” alisema Mama Mkubwa, mwembamba kama ufito. “Wewe mwenyewe ulikuwa mrefu lini?”

Bi Kilo alionyesha mizani kwa mkono. “Mama zangu, karibuni sana. Kabla hatujapanda nawaomba kila mmoja asimame hapa mara moja, na mkoba wake. Hesabu zilizoandikwa zilichukuliwa kwa simu, na kwa simu hatuendi milimani.”

Mama Mkubwa aliruka juu ya mizani kama msichana. Sitini na mbili kamili. Alishuka akitamba. Mama Mdogo alifuata. Sitini na tisa. “Ni mkoba!” alilalamika. “Nimebeba redio.” Mwalimu Mkuu hakuondoka kitini.

“Mimi nimekwisha kumwambia mwanangu. Sabini.”

“Nimeona, mama. Nakuomba usimame tu, nihakikishe.”

“Unahakikisha neno langu?”

Feni ilizunguka. Mama Mdogo alitazama dari.

“Nahakikisha neno la kila mtu, mama,” alisema Bi Kilo. Macho hakuyashusha. “Hata langu.”

“Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya watoto wa watu. Hakuna aliyethubutu kunirudishia neno. Leo binti anayetaka kuingia nyumbani kwangu anataka kunipima kama kiroba cha unga!” Alisimama. “Mwite rubani. Tutaona nani ana amri hapa.”

Hakuhitaji kuitwa. Kapteni alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

“Mwanangu,” alisema mama yake, “mwambie huyu mwenzako tunachelewa.”

Bi Kilo alitazama sakafu. Alivihesabu vigae. Kama Kapteni angesema neno moja la kumtetea mama yake, hakuna ambaye angemlaumu, na yeye mwenyewe angeweza kumsamehe baada ya siku nyingi. Alisikia hatua za viatu vya rubani zikipita mbele yake. Kisha akasikia chuma kikilia. Aliinua macho. Kapteni alikuwa amesimama juu ya mizani.

“Themanini na moja,” alisoma kwa sauti. “Pamoja na viatu na kofia. Kila asubuhi, mama, huwa napimwa hapa. Namba zile za kwenye karatasi niliziandika mimi, na nilikosea. Asipotia sahihi yake, injini siiwashi.”

“Hata kwa ajili yangu?”

“Hasa kwa ajili yako. Nina mama mmoja.”

Fundi Kimya, aliyekuwa anachungulia dirishani, alisogeza uso karibu zaidi na kioo. Mwalimu Mkuu alimtazama mwanawe, akamtazama msichana. Mkono wake ukavuta gauni kiunoni. Na ghafla Bi Kilo, aliyezoea kuona nyuso za watu mbele ya mizani, aliona kitu alichokuwa hajakiona muda wote huo kwa woga wake mwenyewe: mama yule hakuwa na hasira. Alikuwa anaona haya.

“Kapteni, toka nje,” alisema Bi Kilo mara moja. “Na nyinyi mama zangu, mnisamehe, mkamsindikize Kapteni mkaione ndege. Fundi! Ondoka dirishani!”

Aliikokota mizani ile hadi nyuma ya pazia la stoo, kati ya makoti ya mvua na makopo ya rangi, akarudi akashika mkono wa mama mkwe wake mtarajiwa.

“Tuko wawili tu. Wewe utatazama ukuta, mimi nitaisoma. Rubani huonyeshwa jumla ya abiria wote. Safu ya mtu mmoja mmoja hubaki kwangu.”

Mwalimu Mkuu alivua viatu. Halafu hakupanda. “Nilipostaafu,” alisema, akiuambia ukuta, “nguo zilinitosha mwezi mmoja. Nilikuwa nikitembea darasa hadi darasa toka asubuhi, mwanangu. Sasa nakaa. Huyu yuko angani, yule amekufa, mimi nakaa. Mizani ya zahanati nimeikimbia mwaka wa tatu sasa. Nikiipanda itanihesabia kukaa kote kule.”

Bi Kilo alimshika kiwiko, akamsaidia kupanda, akasoma, akaandika, akafunika safu ile kwa rula.

“Ngapi?” aliuliza mama.

“Unataka kujua?”

“Hapana.” Akagusa ukuta. “Ngapi?”

Bi Kilo alimnong'oneza sikioni.

“Ala! Mimi?” Mwalimu Mkuu aligeuka nusura aanguke juu ya kopo la rangi. “Umepima na vile viatu!”

“Viatu viko sakafuni, mama.”

“Basi ni hereni.”

Bi Kilo alijizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani. Mwalimu Mkuu alimkazia macho yale yaliyowafanya wanaume wazima kuchomekea mashati. Kisha mabega yake mapana yakaanza kutikisika, naye akacheka, akacheka mpaka akaketi juu ya kopo, akijifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Nje, Kapteni alisikia kelele zile akadhani wanapigana.

“Na sanduku langu?” aliuliza mama alipopata pumzi. “Hilo nalo nililipunguza.”

“Hamsini na nane. Haliwezi kwenda na nyinyi. Lina nini?”

“Vitabu. Vyote nilivyofundishia. Nilitaka kitinda mimba wetu avikute kwenye rafu kesho asubuhi.”

Bi Kilo aliikunjua ratiba. “Saa nane mchana ndege yetu ya pili inapeleka pampu ya maji huko huko. Ina nafasi ya kilo mia moja na ishirini. Nitalifunga mwenyewe kwa kamba. Kabla ya saa kumi liko shuleni.”

Mwalimu Mkuu alikuwa akivaa viatu na kumtazama kwa namna mpya.

“Nilipata kumrudisha darasa mtoto wa mkubwa wangu wa kazi,” alisema. “Alikuwa hajui kusoma, nao wakataka apande darasa. Nilinyimwa uhamisho miaka sita, mume wangu akiwa mji mwingine. Kila mtu aliniambia, ‘Mpitishe tu, nani atajua?’”

Bi Kilo alishtuka kuyasikia maneno yale yale ya chini ya bawa. “Ulijuta, mama?”

“Nililia sana. Kujuta, hata siku moja.” Akasimama, akanyoosha gauni. “Nyoosha hilo kola lako. Limekaa upande.”

Walitoka wameshikana mikono. Mama Mdogo, aliyekuwa amekwisha kuingia ndani ya ndege, alichomoza kichwa. “Dada! Si ulisema unakuja kumpima binti wa watu? Imekuwaje?”

“Funga mkanda wako,” alijibu Mwalimu Mkuu.

Bi Kilo alimkalisha mama mbele, pembeni mwa rubani, kwa sababu ndege ndogo hutaka uzito uketi mbele. Na mama alipoambiwa sababu hiyo hakununa, alisema tu kwamba mbele ndiko alikokaa maisha yake yote. Kapteni alipokea karatasi, safu ya mtu mmoja mmoja ikiwa imekunjwa nyuma. Aliisoma jumla. Akaisoma sahihi iliyokuwa chini, akapitisha kidole gumba juu yake, na macho yake na ya msichana yakakutana, yakakaa hivyo mpaka Mama Mkubwa akakohoa.

“Kapteni,” alisema Bi Kilo, “upepo kule unatoka kaskazini. Mbuzi wamefukuzwa.”

“Nimekuelewa, Bi Kilo.”

Alipotaka kuufunga mlango, mkono wa mama uliuzuia.

“Baba yako na mama yako, Jumamosi wanakuwapo nyumbani?”

Bi Kilo alishika ukingo wa mlango. “Wanakuwapo, mama.”

“Saa ngapi?”

“Kuanzia saa nne.”

“Nitakuja. Na huyu nitamleta.” Alimsukuma bega mwanawe, ambaye kwa mara ya kwanza katika miaka yake saba ya urubani alikuwa amesahau afanye nini baada ya kufunga mlango. “Washa chombo chako, baba. Watoto wa watu wanasubiri.”

Ndege ilikimbia, ikainuka mapema kabla ya alama ya tatu ya njia, nyepesi kama unyoya. Bi Kilo alibaki amesimama uwanjani, mkono juu ya macho, mpaka ikawa nukta. Ndipo alipokumbuka kuandika saa ya kuruka. Akaandika, akaona amekosea, akafuta, akakosea tena. Fundi Kimya alimnyang'anya kalamu, akamwandikia.

Enyi vijana mnaosoma, kaeni vizuri mnisikie. Mmezoea kuambiwa kwamba ukweni huingiwa kwa kuinama, na kwamba ukweli una siku yake, si siku ya kwanza. Anayewaambia hivyo anawapoteza. Mheshimu mkwe wako, mpigie goti, mfichie haya yake nyuma ya pazia. Lakini hesabu yake usiibadilishe hata kwa kilo moja, maana kesho utambebesha mwanawe mzigo huo. Na wewe kijana wa kiume, ukiulizwa siku hiyo uko upande gani, panda mizani kwanza wewe. Nimesema. Shikeni.